Fristaili ya mtu wa triathloni: mwongozo kwa wanaofanyia mazoezi Malindi

Kila Jumamosi asubuhi pale ufukwe wa Silversands naulizwa maswali yale yale. Mbona nikifika mita 50 nahema kama nimefukuzwa na mbwa? Mbona miguu inazama? Nipige miguu kwa nguvu kiasi gani? Na mbona bwawani naweza, baharini nashindwa? Nimeyajibu mara nyingi nikiwa na maji kifuani, mawimbi yanakata maneno, na wiki ijayo anakuja mwingine na lile lile. Safari hii naandika.

Huu ni mwongozo wa fristaili, yaani kuogelea kifudifudi mkono mmoja baada ya mwingine, kwa ajili yako wewe unayekimbia tayari, unayeendesha baiskeli barabara ya Gede kila Jumapili, na sasa umejisajili kwa triathloni yako ya kwanza, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo. Unajua kuelea na unavuka bwawa kwa namna yako. Kama huwezi kuelea, weka hii kando kwanza, tafuta mwalimu akufundishe kuelea, halafu urudi.

Niwaudhi kidogo watoto wa pwani wenzangu. Mimi ni wa Shela ya hapa hapa Malindi, nimeruka kutoka kwenye ngalawa kabla sijaanza darasa la kwanza, na kwa miaka mingi niliamini kuogelea ni kitu nilichozaliwa nacho. Kumbe nilichokuwa nacho ni kuogelea kwa mchezo: kichwa juu, macho kwa wenzako, miguu inapiga maji kama mashine ya boti. Kunakutosha mita 50. Vijana wa bara waliokuja kufanya kazi hapa, wasiojua lolote, mara nyingi hunipita kwa kujifunza kwa sababu hawana cha kusahau.

Triathloni fupi ina mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio. Ile ya Olimpiki, iliyoingia kwenye michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni mita 1500, kilomita 40 na 10. Ukitoka majini kazi ndiyo kwanza imeanza. Hivyo hatutafuti kuwa samaki. Tunatafuta utoke majini ukiwa na pumzi na miguu yako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Miwani ya kuogelea inayokubana bila kuumiza. Ibonyeze usoni bila kamba. Ikishika sekunde mbili tatu, ni ya uso wako.
- Nguo inayobana mwili. Dada zangu wanaovaa stara, vazi la kuogelea la mwili mzima linafaa kabisa, ila liwe la kubana kiasi. Dera na fulana pana hujaa maji, na utakuwa unavuta mzigo.
- Bwawa. Hoteli nyingi za hapa huruhusu mtu wa nje kwa malipo ya siku. Uliza, na upatane. Lipime kwa utepe, maana mabwawa ya hoteli yana urefu wa kila aina, na ukidhani ni mita 25 kumbe ni 18, hesabu zako zote ni uongo.
- Boya la mapajani, la kubana katikati ya mapaja miguu isizame. La dukani ni zuri. La kwangu la kwanza lilikuwa chupa mbili za maji za nusu lita, tupu, zimefungwa pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Linafanya kazi ile ile.
- Kwa baharini: boya la rangi kali la kufunga kiunoni, au kidumu cha manjano cha lita 5 kilichofungwa vizuri, na kamba ya mita moja na nusu. Watu wa boti wakuone.
- Mwenzako. Huyu si wa hiari.

Suti ya mpira usinunue. Video za Ulaya zimejaa watu waliovaa suti hizo, nazo huwainua miguu bila wao kujua. Bahari yetu ni nyuzi 25 hadi 29 hivi mwaka mzima. Utaiva humo, na kwenye maji ya joto namna hii kanuni za mashindano hazikupi nafasi ya kuitegemea. Kuelea kwako kutoke kwenye mwili wako.

Hatua

1. Toa pumzi ndani ya maji

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Karibu kila anayenijia akihema, mapafu yake ni mazima, maana huyo huyo anakimbia kilomita 10 akizungumza. Shida ni kwamba uso ukiingia majini anabana pumzi. Hewa chafu inajikusanya ndani, na hiyo ndiyo inayokupa ile hali ya kukabwa. Halafu anainua kichwa na kujaribu kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, katika nafasi ya kupepesa jicho. Haiwezekani.

Simama maji yakiwa kifuani. Vuta hewa kwa mdomo, ingiza uso, kisha toa pole pole kwa pua na mdomo, kama unavyopuliza kahawa tungu usiungue ulimi. Mapovu yasikike bila kukatika. Inuka, vuta haraka, rudi. Mara 20, bila pupa. Kisha toa hewa yote na ujaribu kukaa chini kwenye sakafu ya bwawa. Usipozama, bado umebana hewa. (Zoezi hili lifanyie bwawani, baharini chumvi itakubeba.)

Wiki mbili za kwanza, dakika 10 za mwanzo wa kila zoezi ni za kupuliza tu. Watu hulichukia zoezi hili. Wanaliruka, wanaenda hatua ya tano kujifunza mikono, na baada ya mwezi wanarudi hapa.

Onyo: usishindane na mtu kukaa chini ya maji, wala usivute pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kuzama. Mtu huzimia bila dalili, na aliyezimia chini ya maji hapigi kelele.

2. Laza chombo

Umewahi kuona mashua iliyopakiwa vibaya, tezi ya nyuma imezama, omo ya mbele iko juu angani? Inakwenda, lakini inaburuta bahari nzima. Wewe ukiinua kichwa kutazama mbele, nyonga na miguu vinashuka, na umekuwa mashua hiyo.

Tazama chini, mbele kidogo tu. Maji yakate katikati ya utosi. Shingo ilegee. Kisha egemea kifua, kama unayelala juu ya mto, na utahisi matako yanapanda yenyewe. Jisukume ukutani ukiwa umenyoosha mikono, bila kupiga chochote, uone unafika wapi kabla hujasimama. Rudia mara 6. Ukifika mbali zaidi kuliko jana, umelala vizuri zaidi kuliko jana.

3. Tuliza miguu

Wakimbiaji na waendesha baiskeli wana vifundo vya miguu vigumu kama mti. Mguu wa namna hiyo ukipigwa majini unashika maji na kukurudisha nyuma. Nimemwona mtu mwenye ubao mkononi anapiga miguu kwa jasho lake lote na anarudi kinyumenyume.

Piga kutoka nyongani, goti lilegee kidogo, vidole vielekee nyuma, na mpigo uwe mdogo. Usipige kama unaendesha baiskeli. Kwa masafa yetu, mpigo mmoja wa mguu kwa kila mkono unatosha: kazi yake ni kukuweka sawa, si kukusukuma. Misuli ya mapaja unaihitaji barabarani.

Vifundo vinyooshe nyumbani. Wanaoswali wanajua kikao cha tahiyatu, mguu wa kushoto umelazwa na wa kulia umesimama. Sasa laza yote miwili, kalia visigino, dakika moja, mara tatu kila jioni. Ikiuma gotini, acha.

4. Geuka, usiinue

Hewa utaipata pembeni. Mkono mmoja ukiwa umenyooka mbele, mwili mzima unageuka kama chombo kinacholala upande, na kichwa kinafuata. Jicho moja libaki majini, shavu likae juu ya maji, mdomo uvute, urudi. Zoezi lake: lala ubavu, mkono wa chini umenyooka mbele, piga miguu 6, kisha piga mikono 3, halafu lala ubavu wa pili.

Jifunze pande zote mbili. Najua upande mmoja unakushinda, jifunze tu. Pwani yetu inatazama mashariki. Ukiogelea kuelekea kusini, mawimbi yanakujia kushoto, na hewa salama iko kulia, upande wa ufukwe. Ukigeuka kurudi, kila kitu kimehama. Mtu wa upande mmoja hunywa chumvi nusu ya safari.

5. Shika maji

Hapa ndipo watu wanapotaka kuanzia. Mkono uingie mbele ya bega lake, si mbele ya pua. Vidole vitangulie, si dole gumba. Nyoosha, halafu kabla hujavuta, acha kiwiko kibaki juu na ushushe kiganja na kigasha (mkono toka kiwiko hadi kiganja) pamoja, kama unayekumbatia pipa. Hilo ndilo kasia lako: kiganja peke yake ni kijiko, ila kiganja na kigasha vikiungana umepata kasia kamili. Sukuma maji kuelekea miguuni mpaka kiganja kipite nyonga.

Kosa kubwa ni kukandamiza maji chini mkono ukiwa umenyooka. Kunakuinua kichwa, kunazamisha miguu, na bega litalalamika ndani ya mwezi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote: ogelea umekunja ngumi, urefu mmoja wa bwawa. Mwanzoni utahisi huendi popote. Kigasha kitajifunza kushika maji kwa sababu hakina msaada. Kisha fungua viganja, vidole viachane kidogo tu, na utahisi umepewa mikono mipya.

6. Hesabu

Hesabu mikono kwa mita 25. Ukipita 28, ama mkono unapita bila kushika maji, ama miguu inazama. Rudi hatua ya 2 na ya 5. Ukifika 20 hadi 24 bila kulazimisha, uko vizuri. Lakini usifanye mchezo wa kuteleza mkono mbele na kungoja mpaka mwili usimame ili upate namba ndogo. Baharini wimbi halikusubiri.

Kila baada ya wiki 4, pima. Ogelea mita 400 kwa juhudi, pumzika dakika 10, ogelea 200 kwa juhudi. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawanya kwa mbili. Mfano: 400 kwa dakika 9 na sekunde 20, 200 kwa dakika 4 na 20. Tofauti ni dakika 5. Nusu yake ni dakika 2 na nusu. Hiyo ndiyo kasi yako ya kufanyia kazi kwa kila mita 100.

7. Chungulia

Baharini hakuna mstari wa vigae, na mto Sabaki ukileta tope, hasa upepo wa kaskazi ukilisukuma kusini kuja ghubani, hutaona hata kiganja chako. Jifunze macho ya mamba. Mkono wa mbele ukianza kushika maji, inua macho tu, pua ibaki majini, tazama, kisha geuza kichwa pembeni uvute hewa kama kawaida. Usijaribu kutazama na kuvuta hewa ukiwa umeelekea mbele.

Kila mikono 6 hadi 10 inatosha. Na chagua alama iliyo juu: mnara wa Vasco da Gama, mnazi uliojitenga, paa refu. Boya dogo utaliona pale tu wewe na lenyewe mkiwa juu ya wimbi kwa pamoja. Anza zoezi hili bwawani, mara mbili kila urefu.

8. Sasa peleka baharini

Uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Saa hiyo husogea mbele kama dakika 50 kila siku, hivyo saa ya Jumamosi iliyopita si ya leo. Ingia saa moja kabla ya maji kujaa kabisa. Silversands ina mwamba unaovunja mawimbi, lakini maji yakikupwa utakuwa unaogelea juu ya mawe, na yale yanayotoka hupita kwenye milango ya mwamba na kuondoka nawe. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Anayeanza angoje maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo.

Kabla ya kuanza, elea dakika moja uone unasukumwa wapi. Anza kwa kupingana na mkondo, ukichoka, utakurudisha. Ogelea sambamba na ufukwe, maji yasipite shingo. Ukikamatwa na maji yanayotoka, usipigane nayo uso kwa uso: elea, inua mkono mwenzako akuone, kisha kata pembeni mpaka uhisi yamekuachia.

Karibu na mlango wa Sabaki usiogelee kabisa. Kule kuna viboko na mamba, na mamba wa kule si wa zoezi la macho.

Msimu nao una maneno yake. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa kusi huleta mawimbi makubwa ghubani, mazuri kwa wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi, mabaya kwako. Msimu wa matlai, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, bahari hutulia. Huo ndio wakati wa kuanza.

Mkiwa kundi, jizoezeni kufuatana. Kukaa nyuma ya miguu ya mwenzako, bila kumgusa, kunapunguza kazi waziwazi, na kwenye kuogelea kunaruhusiwa.

Wiki yako

Mara tatu za dakika 40 zinashinda mara moja ya saa mbili. Siku ya kwanza: kupuliza, kulala, ubavu, ngumi, na mita 400 za taratibu. Siku ya pili: mita 100 mara 8 kwa kasi uliyoipima, pumziko la sekunde 20. Kama ya nane ni mbovu kuliko ya kwanza, ulianza mbio mno. Siku ya tatu: baharini, au bwawani mwendo mrefu bila kusimama, ukichungulia. Baada ya mwendo huo panda baiskeli dakika 20, miguu ijue kinachoisubiri.

Ikikwama

Nahema hata baada ya hatua ya kwanza. Unaanza kwa kasi mno. Mita 100 za mwanzo ziwe za aibu, watu wakupite. Mashindano yangu ya kwanza nilitoka kama mshale, na kabla ya boya la kwanza nilikuwa nimeng'ang'ania mtumbwi wa waokoaji, nikidhani nimeshatolewa. Mzee aliyekuwamo akaniambia, "Pumzika mwanangu, bora usivutwe mbele tu." Ndivyo kanuni ilivyo: kushika boya au chombo ukapumzika si kosa, kosa ni kusogea mbele kwa msaada wake. Na mtindo wowote unaruhusiwa, hata kulala chali.

Napinda. Unavuta hewa upande mmoja, au mkono mmoja unavuka katikati. Fumba macho mikono 10 bwawani, mwenzako akiwa karibu, akuambie umeelekea wapi.

Bega linauma. Angalia mkono unaoingia kwa dole gumba au unaovuka mbele ya kichwa. Pumzika siku tatu, rudi na mazoezi ya ubavu. Likiuma hata usiku ukiwa umelala, nenda kwa daktari.

Msuli wa mguu umenikaza. Lala chali, vuta vidole kuelekea gotini, ngoja. Mara nyingi ni kwa sababu unanyoosha vidole kwa nguvu, vilegeze.

Miwani inaingia ukungu. Mate kidogo ndani, suuza, vaa. Usisugue kwa kidole, utaitoa dawa iliyopakwa.

Shingo na kwapa vinachubuka. Ni chumvi na mshono wa nguo. Paka mafuta mazito kabla, ila mikono ioshe vizuri kabla hujagusa miwani. Mimi nimewahi kuogelea mita 750 nikitazama dunia kupitia mafuta ya nazi.

Nimechomwa na yavuyavu. Toka. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, toa nyuzi zilizobaki bila kuzishika kwa vidole vitupu, na usisugue kwa mchanga hata bibi akisema. Ukiona pumzi inabana, uso unavimba au kichwa kinazunguka, hospitali mara moja.

Bwawani naweza, baharini naogopa. Basi usiogelee. Nenda mpaka kifuani, fanya zoezi la kupuliza mara 20, toka, rudi nyumbani. Kesho vivyo hivyo. Nilikuwa na dada mmoja aliyefanya hivyo Jumamosi tano mfululizo, wenzake wakimcheka kidogo. Ya sita alianza kuogelea kuelekea upande wa mnara, nikamkimbilia nyuma na kidumu chake, alikuwa amekisahau mchangani.